UZI: Umehamia Portland, Maine na unapenda besiboli? Ufahamu uwanja wa Hadlock kabla hujakata tiketi

MzeeWaGlovu:
Wakuu, salaam. Kila mwaka kuna watu wetu wanaohamia Portland, Maine, wengine wakitokea Texas na Ohio, wengine moja kwa moja kutoka Goma, Bujumbura au Kampala. Mwenye ugonjwa wa besiboli huuliza lile lile: timu ya ligi kuu iko Boston, karibu saa mbili kwa gari, sasa huku tunatazama nini? Mnatazama Portland Sea Dogs, pale Hadlock Field, Park Avenue. Naweka hapa ninayoyajua, wenye nyongeza waongeze.

Uwanja ulifunguliwa 1994 na una nafasi ya watu 7,368. Umepewa jina la Edson Hadlock, aliyekuwa kocha wa besiboli wa shule ya sekondari ya Portland, na hadi leo timu za shule za mji huo huutumia. Ukuta kwa ukuta na uwanja kuna Portland Expo. Jengo hilo Waswahili wa Maine wanalijua vizuri: kiangazi cha 2019 mji uliligeuza makazi ya dharura kwa waomba hifadhi, wengi wao Wakongo na Waangola, na 2023 likatumika hivyo tena. Kwa hiyo wapo watu wetu waliolala hatua chache tu kutoka besi ya kwanza bila kuwahi kuona mechi hata moja. Ndiyo maana uzi huu nimeuandika kwa Kiswahili.

Sea Dogs wako ngazi ya Double-A (ngazi ya pili chini ya ligi kuu), Ligi ya Mashariki. Kuanzia 1994 hadi 2002 walikuwa chini ya Florida Marlins. Tangu 2003 ni watoto wa Boston Red Sox. Ngazi za Boston zinakwenda hivi: Salem, Greenville, Portland, Worcester, halafu Boston yenyewe. Tangu mageuzi ya ligi ndogo ya 2021 kila klabu ya ligi kuu ina timu nne za msimu mzima chini yake, jumla 120 Marekani na Kanada.

Jambo la kwanza la kuliweka kichwani: klabu kubwa ndiyo inayowalipa wachezaji na makocha, na ndiyo inayoamua nani acheze wapi. Lengo lake ni kutengeneza wachezaji, ushindi wa Portland unakuja baadaye. Mrushaji anaweza kuwa hajaguswa hata pigo moja hadi iningi ya sita (iningi ni zamu moja ya kila timu kupiga, na mechi ina tisa), mara anatolewa kwa sababu amefikisha mirusho 80 aliyopangiwa. Mpigaji hodari wa timu atakalishwa benchi Jumatano kwa kuwa ratiba inasema apumzike. Shabiki mgeni hudhani kocha amechanganyikiwa. Hapana, kocha anatekeleza mpango ulioandikwa Boston. Ukienda Hadlock ukiwa na hasira za matokeo utaumia bure. Nenda ukamchague mchezaji mmoja au wawili, uwafuatilie kila mrusho.

Pale wamepita nyota wa ligi kuu kama Dustin Pedroia, Jon Lester, Xander Bogaerts, Mookie Betts, Rafael Devers. Betts alianza msimu wa 2014 akiwa Portland na mwisho wa Juni mwaka huo huo akawa anacheza Boston. Agosti 2024 Roman Anthony, Marcelo Mayer na Kyle Teel walipandishwa kwenda Worcester kwa mkupuo. Aliyesema "nitaenda kuwaona Septemba" aliwakosa wote watatu.

Kibaruani:
Uzi tayari, nimeweka kambi hapa. Mkuu, gusia ule ukuta mrefu wa upande wa kushoto. Bila kuuelewa ukuta ule huelewi mechi za Hadlock.

MzeeWaGlovu:
Naam. Unaitwa Maine Monster. Ulijengwa Boston walipoichukua timu 2003, kwa kuiga ukuta wa kijani wa Fenway, uwanja wa Boston. Urefu wake ni futi 37, yaani mita 11 na kitu. Kutoka sahani ya nyumbani (anaposimama mpigaji) hadi ukutani kwenye mstari wa kushoto ni futi 315, takriban mita 96. Katikati ni futi 400 (mita 122), kulia futi 330.

Sasa tazama unavyobadilisha mchezo. Pigo kali la chini-chini, ambalo kwenye viwanja vingine lingekuwa homurani (pigo linalovuka ukuta), hapa linagonga ukuta na kurudi. Pigo la juu linaloelea, ambalo kwingine lingedakwa kwa raha, hapa linavuka. Mlinzi wa kushoto ana nafasi finyu nyuma yake, kwa hiyo husimama karibu zaidi kuliko kawaida.

Mpira ukienda ukutani, usiutazame mpira. Mtazame huyo mlinzi. Mlinzi mzuri haukimbilii ukuta. Hatua mbili tatu za kwanza anapima kama mpira utagonga juu au chini, kisha anageuka na kurudi mahali utakapoangukia. Anaudaka baada ya mdundo mmoja, mguu wa kurushia ukiwa tayari, na kuurusha moja kwa moja besi ya pili. Mpigaji aliyekuwa na uhakika wa besi mbili anakwama kwenye besi moja. Mlinzi mchanga hukimbia hadi chini ya ukuta, mpira unampita juu ya kichwa kurudi uwanjani, na anayeuokota ni mlinzi wa kati akitokea mbali. Hapo tayari ni besi tatu. Boston waliutaka ukuta huo kwa sababu hiyo hiyo: mtu ajifunzie makosa Portland, asiende kujifunzia Fenway mbele ya watu 37,000.

BintiMvita:
Shukrani kaka. Swali la mama mwenye watoto wadogo: tukae wapi? Na je, mipira inayotoka nje ni hatari kiasi gani?

Lugazi_Boy:
Dada, ni hatari kweli, tusifichane. Mpira una uzito wa gramu 142 hadi 149 na ni mgumu. Pigo linalokwenda pembeni ya besi ya kwanza au ya tatu laweza kuzidi kilomita 150 kwa saa, nawe uliyekaa safu ya tano huna hata sekunde moja ya kukwepa. Ukiwa na watoto:

Kaa nyuma ya neti, yaani nyuma ya sahani ya nyumbani au nyuma ya vibanda vya wachezaji. Kabla ya kulipa, angalia kwenye ramani ya viti neti inaishia wapi.

Mtoto mdogo akae upande wa ndani, wewe ukae upande ambao mpira unatokea. Mrushaji akianza kujipinda, simu iwe chini. Mrusho ukiisha, rudi kwenye simu yako. Utaratibu ni huo tu, na baada ya iningi mbili watoto wanaushika wenyewe.

Mpira ukiruka juu kabisa kuja kwenu, usiudake kwa mikono mitupu. Vidole vya watu wazima huvunjika hivyo. Leta glavu, au acha uanguke kwanza.

Kuhusu jua: kanuni za mchezo zinashauri mstari wa kutoka sahani ya nyumbani kupita kwa mrushaji hadi besi ya pili uelekee mashariki-kaskazini-mashariki, ili mpigaji asipigwe na jua la jioni machoni. Ndiyo maana kwenye viwanja vingi upande wa besi ya tatu hupata kivuli mapema kuliko wa besi ya kwanza. Si viwanja vyote vinafuata, kwa hiyo uliza dirisha la tiketi.

Kibaruani:
Natofautiana kidogo na mkuu Lugazi. Kwa asiye na watoto, kiti bora si nyuma ya kibanda. Ni nyuma ya sahani ya nyumbani, safu ya nane kwenda juu, ukiegemea kidogo upande mmoja. Hapo unauona mrusho unavyopinda. Mrusho wa kasi wa ngazi hii mara nyingi ni maili 93 hadi 96 kwa saa, kama kilomita 150 hadi 154. Slaida (mrusho unaopinda) na chenji-apu (mrusho wa kupunguza kasi) hushuka hadi maili 84 hadi 88. Ukikaa pembeni unaona mkono wa mrushaji tu. Mpira wenyewe unaonekana umenyooka.

Maskauti, yaani watafuta vipaji, nao hukaa hapo hapo, wana kipima kasi mkononi na daftari. Usiwasumbue, wapo kazini. Ila wakiinua vipima kasi wote kwa pamoja, ujue anayerusha ni mtu wa kutazamwa.

Lugazi_Boy:
Kwa mtazamaji wa warushaji, sawa. Kwa anayetaka kuwatazama walinzi, kaa juu zaidi. Ukiwa chini huoni shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) alivyosogea hatua mbili kabla ya mrusho, na kwenye ngazi hii hatua hizo mbili ndizo zinazopandisha watu.

Mwanakwetu_ME:
Wandugu, asanti sana kwa uzi. Niko na maswali tatu. Kwanza, mechi zinachezwa siku gani? Pili, chakula, kuna kitu sisi Waislamu tunaweza kula? Tatu, mvua ikinyesha pesa yangu inapotea?

MzeeWaGlovu:
Karibu sana ndugu yangu.

Msimu unaanza mwanzoni mwa Aprili hadi katikati ya Septemba, mechi 138, nusu yake zikiwa nyumbani. Timu pinzani huja Jumanne ikakaa hadi Jumapili, mechi sita mfululizo, Jumatatu mapumziko. Ukiipenda timu moja pinzani unaweza kuiona wiki nzima. Wanaokuja mara nyingi zaidi ni wa kundi la kaskazini-mashariki: Hartford, New Hampshire, Somerset, Reading, Binghamton. Mechi za jioni za katikati ya wiki kwa kawaida huanza saa 12 jioni, na tiketi itaandika 6:00 PM. Jumapili ni mchana. Hakikisha kwenye programu ya simu ya MiLB (ligi ndogo), kwa sababu Aprili na Mei saa hubadilishwa kukwepa baridi.

Msimu una nusu mbili. Mshindi wa kila nusu katika kundi huingia mtoano, kwa hiyo timu iliyovurunda Mei huanza upya mwishoni mwa Juni. Ukiona mtu anakuambia "msimu umekwisha" mwezi wa sita, mwambie asubiri.

Chakula na mvua nawaachia wengine.

BintiMvita:
La chakula naomba nilijibu. Hot dogi za viwanjani Marekani zinaweza kuwa za ng'ombe, nguruwe, kuku au mchanganyiko, na hata ya ng'ombe si lazima iwe halali. Muulize muuzaji akuonyeshe pakiti, wengi hawakatai. Salama zaidi ni karanga za maganda, bisi, viazi vya kukaanga (uliza kama mafuta yake yanakaangiwa pia nyama), na aiskrimu. Hadlock wanajulikana kwa Sea Dog Biscuit: aiskrimu ya vanila katikati ya biskuti mbili zenye vipande vya chokoleti. Ukimnunulia mtoto, mpe iningi ya kwanza au ya pili, foleni ikiwa bado fupi, na chukua tishu za kutosha.

Kabla hujafunga safari soma masharti ya mifuko na malipo. Viwanja vingi sasa havipokei noti, ni kadi tu, na mikoba mikubwa hairuhusiwi. Ya mtoto mchanga huwa na nafuu yake, ila uliza mapema usije ukarudishwa getini.

Kibaruani:
Mvua: mechi huhesabika kamili baada ya iningi tano, au nne na nusu kama timu ya nyumbani inaongoza. Ikivunjika kabla ya hapo, utaratibu wa kawaida wa ligi ndogo ni kubadilishiwa tiketi kwa mechi nyingine ya msimu huo huo, fedha hazirudishwi. Soma masharti ya tiketi yako. Waamuzi wakisimamisha mchezo lazima wasubiri angalau dakika 30 kabla ya kuuvunja, kwa hiyo turubai likitandikwa usikimbilie gari. Anayetoka getini mara nyingi haruhusiwi kurudi.

Mechi iliyoahirishwa kabla haijaanza ikichezwa kesho yake, zinakuwa mechi mbili siku moja, kila moja iningi 7 badala ya 9. Tiketi moja mara nyingi huingia zote mbili. Kwa mtu wa kujifunza hiyo ndiyo siku nono: unaona warushaji wawili wa kuanza kwa nauli moja.

Na baridi! Portland iko baharini. Aprili usiku nyuzi zaweza kushuka hadi 4 au 5, na ukungu unaingia kutoka ghubani. Blanketi, soksi nzito, kitu cha kukalia. Mtoto wa Kimombasa au wa Bujumbura asidanganywe na jua la saa tisa. Anayetaka raha aende Juni hadi Agosti.

Mwanakwetu_ME:
Asanti sana wakubwa. Mutoto wangu mukubwa anataka saini za wachezaji. Inafanyika namna gani?

Lugazi_Boy:
Fika geti linapofunguliwa. Nenda kwenye ukingo wa jukwaa karibu na kibanda cha wachezaji, na dakika 40 hadi 20 kabla ya mechi ndiyo huwa nafasi nzuri, wakimaliza kunyoosha viungo. Mambo manne:

Mrushaji anayeanza siku hiyo usimwombe. Yuko ndani ya kazi yake.

Kwenye mpira tumia bolpeni ya bluu. Maka peni husambaa kwenye ngozi ya mpira na baada ya mwaka saini inakuwa doa. Maka peni ni ya picha na kadi.

Mwite kwa jina, usimwite kwa namba. Namba na majina huhama, kwa sababu kila wiki kuna anayepanda au kushuka, kwa hiyo kijitabu kilichochapwa mwanzo wa msimu hakitoshi. Tazama orodha ya siku hiyo kwenye programu ya simu.

Mtoto aseme mwenyewe "please" na "thank you". Mzazi akitanguliza mikono juu ya kichwa cha mtoto, mchezaji anapita.

Na heshimuni muda wao. Mkataba wa 2023 uliweka mshahara wa chini wa Double-A kuwa dola 30,250 kwa mwaka, na kabla ya hapo ulikuwa 13,800. Si matajiri wale.

Kuna pia wa ligi kuu wanaokuja kurejea baada ya jeraha. Mpigaji anaruhusiwa siku 20 za namna hiyo, mrushaji 30. Tangazo hutoka siku moja mbili kabla na tiketi huisha upesi.

BintiMvita:
Kaka Lugazi, jina lako linanikumbusha. Vijana wa Lugazi si ndio walioiwakilisha Afrika kule Williamsport, kwenye michuano ya dunia ya besiboli ya watoto?

Lugazi_Boy:
Ndiyo dada, 2012, timu ya kwanza ya Afrika kucheza michuano ile ya watoto. Mwaka mmoja kabla, timu ya Kampala ilifuzu ikanyimwa viza. Na kwa wenye kupenda habari za Waafrika: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu, Aprili 2017 akiwa na Pittsburgh, alipitia Altoona. Altoona iko Ligi hii hii ya Mashariki.

Kibaruani:
MzeeWaGlovu, waelekeze na kuandika kadi ya mechi, yaani kurekodi kila tukio kwa namba na alama. Mgeni akijua hiyo, iningi ya saba haimchoshi.

MzeeWaGlovu:
Sawa. Penseli, si kalamu, na kadi yenye safu za wapigaji tisa. Kila mlinzi ana namba yake isiyohusiana na ile ya mgongoni: mrushaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, shotistopu 6, kushoto 7, kati 8, kulia 9. Wageni hukosea hapo kwenye 5 na 6, kwa kuwa shotistopu anasimama katikati ya besi ya pili na ya tatu lakini namba yake inafuata baada ya ya tatu.

Mpira wa chini kwa shotistopu, akamtoa mpigaji besi ya kwanza: andika 6-3. Auti mbili kwa pigo moja, kutoka shotistopu kwenda wa pili kwenda wa kwanza: 6-4-3. Mpira wa juu uliodakwa katikati: F8. Straiki tatu kwa kupunga gongo: K, akisimama tu akitazama, K iliyogeuzwa. Boli nne (mirusho iliyotoka nje ya eneo la kupigia): BB. Kosa la shotistopu: E6. Mkimbiaji akirudi nyumbani, jaza rangi lile umbo la almasi.

Kosa linaloharibu kadi za wengi ni kusahau mabadiliko. Mrushaji mpya akiingia, piga mstari mlalo chini ya mpigaji wa mwisho wa yule aliyetoka na uandike jina pembeni. Na mechi ikizidi iningi 9, kila nusu inaanza na mkimbiaji besi ya pili. Ligi ndogo wanafanya hivyo tangu 2018. Mwandike kwenye kadi kwa alama yake mwenyewe, usimpe pigo ambalo hakulipiga.

Jipe iningi tatu za kwanza tu kwenye mechi yako ya mwanzo. Ukijaribu tisa zote utatazama karatasi jioni nzima.

Mwanakwetu_ME:
Na swali ya mwisho, mimi sina gari. Kufika?

Kibaruani:
Uko vizuri kuliko mwenye gari, maana maegesho pale ni machache na mtaa wote hujaa. Kutoka katikati ya mji unatembea Park Avenue ukipita bustani ya Deering Oaks, na uwanja uko mbele yako pamoja na Expo. Basi za METRO zinapita maeneo hayo. Angalia basi la mwisho la usiku kabla hujatoka nyumbani, hasa Jumapili. Anayetoka Boston au miji ya njiani apande treni ya Downeaster hadi kituo cha Portland, kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu. Tatizo la treni ni kurudi: mechi ya saa 12 jioni hukaribia saa 3 usiku, na ikiingia iningi za nyongeza unaachwa. Kwa treni chagua ya Jumapili mchana.

Ukishaketi, Sea Dogs wakipiga homurani, geuza macho haraka nyuma ya ukuta wa kati: mnara wa taa wa baharini huinuka kutoka chini. Watoto wawekeni upande wanaouona.